Mbuzi Isiyokula Majani

Msomaji mpenzi, huenda jina la insha hii limekukwaza kabla hujaufikia mstari wa pili. Umefundishwa darasani kusema mbuzi asiyekula, wala si mbuzi isiyokula, na mwalimu wako angekutilia alama nyekundu bila ya huruma. Tulia; alama nyekundu na isubiri kidogo. Mbuzi ninayoisema mimi haina pembe wala ndevu. Ina meno ya chuma, mpishi huikalia kitako, na chakula chake ni nazi. Iwapo umetabasamu, basi umekwisha kuonja utamu wa jambo ninalotaka tulihakiki pamoja: fumbo la maneno, lile la vyumba vyeupe na vyeusi ambalo magazeti huchapisha kila siku, na ambalo watu wazima huliinamia kama wachezaji wa bao wanavyoinamia kete zao.

Wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya kupima mashairi, riwaya na tamthilia peke yake. Fumbo la maneno wanaliona kuwa ni kitu cha kuchezewa asubuhi na kufungiwa vitumbua jioni. Sikubaliani nao. Fumbo lina mtungaji, lina umbo, lina lugha, lina shabaha, tena lina msomaji, na msomaji huyo hufanya kazi kuliko msomaji wa kitabu chochote, maana asipofanya kazi ukurasa hubaki mtupu. Kitu kilicho na mambo matano hayo hakiwezi kukimbia mizani. Swali la kukiuliza ni hili: Je, mtu aweza kumpoteza mwenziwe njia kwa maneno, wala asimwambie uongo? Anayeweza ni mtungaji mwema. Asiyeweza ni laghai, hata kama vyumba vyake vimepangwa kwa uzuri gani.

Tuanze na asili yake. Fumbo la namna hii lilizaliwa New York, Marekani, tarehe 21 Desemba 1913. Aliyelitunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World. Fumbo lake lilikuwa na umbo la almasi, na juu kabisa aliandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya furaha, liwe la kuanzia. Mchezo ukaenea kama moto wa nyika. Mwaka 1924 kampuni ya Simon & Schuster ilichapa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo. Mwaka huohuo gazeti la New York Times liliwakemea watu kwa kupoteza wakati wao katika upuuzi huo. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tarehe 15 Februari 1942 gazeti lilelile lilianza kuchapa fumbo lake la kila Jumapili, na mwaka 1950 likaongeza fumbo la kila siku. Leo kuna watu wanaolinunua kwa ajili ya fumbo kwanza, na habari za ulimwengu baadaye.

Lakini sisi hatukungoja mwaka 1913 ndipo tujue kufumba na kufumbua. Mtoto wa Kiswahili husikia wito wa "Kitendawili!" na kujibu "Tega!" kabla hajajua kushika kalamu. Akishindwa, humpa mtegaji mji, na mtegaji hukaa juu ya mji huo kama sultani kabla ya kutoa jibu. Washairi nao walirushiana mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi baina ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alijibizana kwa mashairi na washairi wa miji mingine, na aliyekosa kuelewa ndani ya neno aliachwa nje ya mazungumzo. Kwa hiyo fumbo la gazetini ni mgeni wa nguo tu. Damu yake tunaifahamu.

Mafumbo ya gazetini ni ya namna mbili. Namna ya kwanza hukusanya maneno yasiyo na ujamaa: mto, mfalme, kiatu, methali. Namna ya pili ina shabaha moja. Majibu makubwa ndani yake yana siri ya pamoja, na mfumbuaji akiigundua siri hiyo amepata ufunguo wa milango iliyobaki. Namna hii ya pili ndiyo bora, na ndiyo ngumu kuitunga, kwa sababu mtungaji ana mabwana wawili: maneno yapitane sawasawa katika vyumba, na siri iwe na maana inayostahili jasho la kuitafuta. Ukimaliza fumbo la siri ukasema, "Kumbe!", limefaulu. Ukisema, "Basi ni hayo tu?", mtungaji amekuibia saa moja ya uhai wako.

Nitakupa mfano wa fumbo la kila siku lililokuwa na siri ya ajabu. Jumanne, tarehe 5 Novemba 1996, watu wa Marekani walikuwa wakimchagua rais. Washindani wakubwa walikuwa Bill Clinton na Bob Dole. Asubuhi hiyo, kabla kura hata moja haijahesabiwa, fumbo la New York Times liliwataka wafumbuaji waandike katikati ya ukurasa habari kubwa ya gazeti la kesho. Jibu lilikuwa maneno mawili, na neno la pili lilimaanisha amechaguliwa. Vyumba vya neno la kwanza vilikuwa saba. Mfumbuaji akiandika CLINTON, herufi saba zilienea, na maneno yote yaliyopita kutoka juu kwenda chini yalikubali. Simu zikalia katika ofisi ya mhariri, Will Shortz. Watu walikasirika: gazeti limethubutuje kumtangaza mshindi kabla ya kura? Wengine walioudhika walidhani gazeti limempendelea mtu wake.

Sasa fumbua pamoja nami. Hesabu herufi za BOB DOLE ukiziunganisha: nazo ni saba. Mtungaji, Jeremiah Farrell, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Butler, alikuwa amepanga kila neno la wima lililopita katika vyumba hivyo liwe na majibu mawili yaliyo sahihi. Dokezo moja lilitaka mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween. Ukiandika CAT, yaani paka, umepata C ya Clinton. Ukiandika BAT, yaani popo, umepata B ya Bob. Dokezo la pili lilitaka neno la mwanafunzi anayeanza Kifaransa: LUI hutoa L, na OUI hutoa O. La tatu lilitaka kifupi cha kitu kinachotegemeza: IRA, akiba ya uzeeni, hutoa I, na BRA, vazi la ndani la wanawake, hutoa B. Mambo yaliendelea hivyo hadi chumba cha saba. Fumbo halikumtangaza mtu yeyote. Lilimwachia kila mfumbuaji amchague amtakaye, kisha likamwonyesha alichochagua.

Hapa mhakiki ana haki ya kusimama na kuvua kofia. Uzuri wa fumbo hilo si hila ya herufi peke yake. Uzuri wake ni kwamba hila iliwafunua wafumbuaji wenyewe. Aliyepiga simu kwa hasira alikuwa ameliandika jina kwa mkono wake, kwa wino wake, kwa sababu ndilo jina alilolitarajia, kisha akamlaumu mchapaji. Ni wangapi miongoni mwetu husoma vitabu, barua na hata nyuso za jirani zetu kwa namna hiyohiyo? Twajaza vyumba vitupu kwa mawazo yetu, kisha twaapa kwamba tumeyakuta yameandikwa. Farrell alikuwa amejaribu kuuza fumbo la namna hiyo katika uchaguzi wa mwaka 1980, baina ya Carter na Reagan. Mhariri wa wakati huo alilikataa kwa kuuliza, itakuwaje iwapo Anderson, mshindani wa tatu, atashinda? Jibu hilo ni la mhariri mwangalifu, lakini uangalifu ukizidi huua mzaha.

Tena angalia jambo hili, msomaji, maana litatufikisha nyumbani. Jaribu kuifasiri hila hiyo kwa Kiswahili. Paka na popo wote huanza kwa P. Jengo zima laporomoka kwa herufi moja! Fumbo haliwezi kuvushwa bahari kama gunia la mchele. Kila lugha ina vichochoro vyake, na mtungaji anayefasiri mafumbo ya Kiingereza ili kuyauza kwa Waswahili hutuuzia nyumba isiyo na milango. Tunahitaji mafumbo yaliyochimbwa katika lugha yetu wenyewe. Je, lugha yetu inayo madini hayo? Nimekutungia fumbo dogo la maneno sita ili ujihukumie mwenyewe. Jina lake ni "Mbuga ya Nyumbani", na ndani yake mna siri moja. Chukua kalamu.

Maneno ya mlalo ni mawili. La kwanza lina herufi tano: Mgema akisifiwa hulitia maji. La pili lina herufi nne: Mnunuzi hodari hukiuliza kabla ya kufungua mkoba. Maneno ya wima ni manne. La kwanza, herufi tano: Huruka bila ya kupiga mbawa, na tumboni mwake watu huketi wakinywa chai. La pili, herufi tano: Haili majani, hula nazi. La tatu, herufi tatu: Likitoboka, mwenye nyumba hukesha masika yote. La nne, herufi tatu: Likipulizwa huwaka, likiachwa hugeuka jivu.

Umejaribu? Basi tufumbue. Methali ya mgema yakupa TEMBO, pombe ya mnazi. Kinachoulizwa na mnunuzi ni KIMA, yaani thamani ya kitu. Kirukacho na abiria tumboni ni NDEGE ya chuma. Mla nazi umekwisha kutambulishwa kwake: ni MBUZI ya jikoni. Kinachovuja masika ni PAA la nyumba. Kinachopulizwa ni KAA la moto. Sasa yapange. Ndege ateremke toka juu na kuikanyaga E ya tembo. M ya tembo ianzishe mbuzi, naye ateremke hadi I yake iwe herufi ya pili ya kima. K ya kima iteremshe kaa. A ya kima iwe mwisho wa paa. Yote sita yameshikana mikono, wala hapana herufi iliyogombana na jirani yake.

Na siri? Tazama tena majina hayo: tembo, kima, ndege, mbuzi, paa, kaa. Yote ni viumbe wenye pumzi! Umeketi nyumbani kwako, mlango umeufunga, ukidhani uko peke yako. Kumbe mbuga nzima imekuzunguka. Paa amesimama juu ya kichwa chako, mbuzi yuko jikoni, kaa amelala mekoni, tembo ameingia katika kibuyu, na kima anakungoja sokoni ili akumalizie fedha. Askari wa wanyamapori akipita hapo atakudai kibali.

Huo ndio mzaha. Lakini chini ya mzaha mna kanuni, na kanuni hiyo ndiyo moyo wa uhakiki wangu. Katika Kiingereza neno lenye maana mbili laweza kujificha kabisa. Neno lao la popo ndilo neno lao la gongo la kriketi, na kitenzi chao hakisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Kwetu sisi kuna shahidi asiyenyamaza, naye ni upatanisho wa kisarufi. Ndovu husemwa amekunywa maji. Pombe husemwa limetiwa maji. Mnyama wa mwituni huulizwa kwa m, bei ya kitu huulizwa kwa ki. Rudia madokezo yangu ukayakague: hulitia, hukiuliza, haili, likitoboka, likipulizwa. Matano kati ya sita yamebeba shahidi wazi. Nilikuonyesha mlango tangu mwanzo. Ni macho yako yaliyotazama dirishani.

Dokezo la sita, la ndege, limefuata njia nyingine. Lilianza kwa huruka. Hiyo hu ya mazoea haina nafsi: ndege wa mtini huruka, na ndege ya abiria huruka, wala sikio halipambanui. Hapo shahidi amewekwa nyuma ya pazia, na ndiyo sababu ililazimu niongeze mbawa zisizopigwa na chai inayonywewa tumboni. Sheria ya haki ni hii: mtungaji akimficha shahidi mmoja, budi alete mwingine. Lakini lau ningaliandika, "Hali majani, hula nazi," nikampa mbuzi ya jikoni upatanisho wa mwenye uhai, hapo ningalikuwa nimevuka mpaka baina ya kupoteza njia na kudanganya. Ungalikuwa na haki ya kuutupa ukurasa wangu.

Yumkini utanipinga kwa kitendawili. Utasema, "Mbona wazee walisema, nyumba yangu haina mlango, na jibu ni yai? Yai si halina?" Swali lako ni zuri, tena linatupa tofauti kubwa ya sanaa hizi mbili. Kitendawili huvika kitu kinyago, na sarufi yake hukifuata kinyago: nyumba haina. Watu wamekubaliana hivyo tangu wito wa kwanza, na kila aketiye barazani anajua kwamba nyumba si nyumba. Fumbo la maneno halina wito wala baraza. Mfumbuaji yuko peke yake na karatasi. Kwa hiyo sarufi ya dokezo yapasa kukifuata kitu chenyewe kilichofichwa, maana haina mwingine wa kumtolea ushahidi. Mtungaji anayechanganya kanuni hizi mbili katika fumbo moja hamtegi mtu, anamsukuma shimoni.

Yako makosa mengine ninayoyakuta mara nyingi katika mafumbo ya lugha yetu, nami nitayataja bila ya kumtaja mtu. La kwanza ni kuokoteza katika kamusi maneno ambayo hayajasikiwa na bibi wala mjukuu, kwa sababu tu herufi zake zimeenea vyumbani. Mfumbuaji akishindwa kwa neno asiloweza kulijua, hakushindwa, amenyimwa mchezo. La pili ni madokezo makavu: "Mnyama mkubwa, herufi tano." Hilo si dokezo, ni ulizo la karani. La tatu ni kunyamaza juu ya herufi zetu za pamoja. Je, ch ikae katika chumba kimoja au viwili? Ng'ombe ana vyumba vingapi, na kile kidole kilicho juu ya ng' kinalala wapi? Kanuni yoyote yafaa, alimradi itangazwe mwanzoni na kufuatwa hadi mwisho.

Lugha yetu ina sifa nyingine ambayo mtungaji hana budi kuipigia hesabu. Maneno yetu, isipokuwa machache ya kigeni, huishia kwa irabu. Mfumbuaji akijua hivyo, chumba cha mwisho cha kila neno kina wageni watano tu wa kuchagua: a, e, i, o, u. Hiyo ni zawadi kwa mfumbuaji na mzigo kwa mtungaji, maana maneno mawili yanayokutana kwa mikia yao yatakutana kwa irabu. Tazama paa na kima katika fumbo letu, yanavyoishia katika A moja. Mtungaji wa Kiingereza hana zawadi hiyo ya kutoa.

Wako watu wanaolitetea fumbo kwa faida zake. Husimulia kwamba Januari 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, gazeti la Daily Telegraph la London liliandaa shindano la kumaliza fumbo kwa dakika 12, na kwamba baadhi ya walioshiriki waliitwa baadaye kwenye kazi ya siri ya kufumbua barua za adui. Habari hiyo ni ya kweli, tena yasisimua. Hata hivyo mimi sitaki kulisimamisha fumbo juu ya mguu wa vita. Wimbo hauhitaji kushinda vita ili uitwe mzuri. Fumbo latosha kusifiwa kwa kazi yake yenyewe: humfanya mtu alitazame neno alilolitumia maisha yake yote, aligeuze, alione upande wa pili.

Nimekupa mizani, msomaji. Iliyobaki ni kupima. Kesho ukikutana na fumbo gazetini, usiridhike kulijaza tu. Liulize: Je, siri yako ina maana? Je, maneno yako yanajulikana? Je, shahidi wako yupo, na anasema kweli? Likijibu vema mara tatu, mtungaji wake ni rafiki yako, hata kama amekutoa jasho. Kisha jaribu kutunga la kwako. Anza na ua, ambalo ni la bustani na ni la nyumba. Nenda kwa chungu, ambacho ni cha jikoni na ni cha ulimi. Na usisahau jiko, ambalo wengine hulinunua dukani na wengine hulipata kwa posa. Lakini chunga sana dokezo lako la jiko, kwa maana ukikosea upatanisho hapo, utamjibu mke wa mtu.